Begi la Mwezi Mmoja

Wiki iliyopita niliingia duka moja pale Wete kumnunulia mwanangu begi la skuli. Muuzaji akalitungua begi kutoka juu, akafungua zipu, na ile harufu ya plastiki mpya ikanipiga puani. Nikarudi nyuma hatua moja. Akaniuliza kama rangi hainipendezi, nikamwambia rangi haina neno. Sikumwambia kuwa harufu ile naichukia, wala kuwa sijapata maishani kununua begi la mgongoni bila kulifungua kila mfuko, nikatia mkono mpaka chini, nikanusa. Mwanangu hunicheka. Anasema mama yake angefaa kazi ya forodhani.

Hajakosea. Mie ni mtu wa shaka tangu utoto, na wenzangu tuliolelewa mtaa wa Jadida, hapo Wete, zama zile watanielewa. Wakubwa wetu walikuwa hawaelezi kitu. Ukiuliza unaambiwa hayo mambo ya wakubwa, na ukirudia unaulizwa kama masikio yako yanawasha. Basi mtoto akajifunza kujumlisha mwenyewe. Sauti iliyoshuka ghafla, mlango uliorudishwa, jirani aliyekuja bila shida na kuondoka bila kunywa chai, vyote hivyo nilivijumlisha. Nilikuwa hodari sana wa kujumlisha, ila jibu mara nyingi lilitoka kombo.

Begi lenyewe alilileta Baba. Alikuwa karani wa ofisi moja mjini, mtu wa maneno machache na kalamu mbili kifuani. Alirudi adhuhuri moja ameshika begi la mgongoni la buluu, lenye mikanda miwili, kama haya tunayobebea madaftari. Mie nilikuwa darasa la tatu na begi langu lilikuwa limekufa zipu, nimelililia mwezi mzima. Nikalirukia. Baba akaliinua juu akasema si langu hilo, ni la Mama. Mama ana safari ya India, anampeleka Mjomba Hamadi hospitali, na atakaa huko mwezi mmoja.

Mjomba Hamadi alikuwa ndugu yake Mama wa tumbo moja, mchuuzi wa samaki Tumbe. Nilimjua tangu anafunga tenga nyuma ya baiskeli mpaka aliponunua pikapu kuukuu, na kila akipita Wete alikuwa hatuachi hivi hivi, lazima tupate changu wawili au pweza. Halafu akavimba. Uso ukavimba, miguu ikavimba, kicheko kikampotea. Akapelekwa Unguja, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, na kila tukipata habari zake zilikuwa si nzuri. Kwa hiyo kwamba Mjomba anaumwa, hilo sikulitilia shaka. Nililolitilia shaka ni begi.

Maana nilikuwa sijapata kumwona mwanamke wa buibui, mke wa mtu, akisafiri na begi la mgongoni. Wanawake walisafiri na masanduku, na ile mifuko mikubwa ya miraba, na kikapu cha chakula juu yake. Mama akienda Unguja siku mbili tu, Baba alikuwa akimuuliza kama anahamia. Leo mwezi mzima, tena ng'ambo, kwa kibegi cha mtoto wa skuli? Bibi, mama yake Baba, ambaye tulikaa naye nyumba moja, alimuuliza Baba swali hilohilo. Mie nilikuwa nyuma ya pazia. Baba akamjibu kwamba Mama akirudi hatoweza kubeba kitu kizito, kwa hiyo bora kitu kidogo, hata akikijaza kisiwe kizito. Bibi akaendelea na tasbihi yake.

Mama yangu alikuwa akiteka ndoo mbili kwa mpigo mmoja na kunisuta njia nzima kwa nini nimebeba kidumu kimoja. Sasa kwa nini arudi hawezi kubeba kitu? Nikaanza kujumlisha.

Alipakia begi lile kwa wiki mbili. Kila nikirudi kutoka chuoni, kusoma Kurani, nilikuta limefunguliwa kitandani, vitu vimelizunguka, na Mama amesimama mkono kiunoni analitazama. Anatia, anatoa, anakunja upya. Alitia mswala mwembamba na msahafu mdogo wa zipu. Alitia kanga doti mbili, si mpya, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika. Alitia madira matatu mapana ya kufungua mbele, kama ya mzazi aliyejifungua juzi. Alitia kopo la haluwa ya Wete kwa ajili ya daktari, kwa sababu kwa imani yake daktari aliyekula haluwa yako hakutupi. Alitia na pakiti ya dagaa wa Tumbe, Baba akaitoa, akamwambia atatuaibisha uwanja wa ndege. Dagaa walitoka lakini harufu yao ilibaki mfuko wa mbele, ikachanganyika na ile plastiki mpya, na hiyo ndiyo harufu ninayoisema.

Alipokwenda jikoni nilikuwa nakagua. Gauni lake la kijani la harusini lilikuwa bado limetundikwa. Udi wake bado uko kabatini. Ndani ya begi, chini kabisa, kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki yenye karatasi za Kiingereza, na juu ya moja wamebandikwa Mama na Mjomba Hamadi, picha mbili ndogo, bega kwa bega. Mama hakuwa amecheka kwenye picha. Nikairudisha vilevile nilivyoikuta.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, Mize, tuliyekaa naye dawati moja. Mama yake Mize alikwenda Maskati kumfanyia kazi jamaa yao, akasema mwezi mmoja. Mize alikuwa darasa la kwanza wakati ule, na sasa tuko la tatu, na mama yake alikuwa akituma viatu tu. Kwa hiyo kwa mambo ya kina mama wanaosafiri, Mize alikuwa fundi. Nikampa orodha yote. Akaniuliza, kachukua nguo nzuri? Nikasema hakuchukua. Kachukua udi? Hakuchukua. Mize akatikisa kichwa kama daktari. Akanambia anayerudi hubeba vingi, kwa sababu anakwenda kutembea na lazima apendeze. Asiyerudi hubeba kidogo, kwa sababu mengine atapewa hukohuko.

Nilirudi nyumbani nikamtilia Mama gauni la kijani kwenye begi, nililikunja nikalisukuma mpaka chini, ili liwe begi la mtu anayerudi. Kesho yake nililikuta limetundikwa tena. Nikalirudisha, na safari hii nikaongeza udi pamoja na chetezo chake cha udongo. Mama alipokitoa kile chetezo begini alicheka mpaka akakaa chini. Aliniita, akaniuliza nataka akafukize nini huko hospitali. Kisha akanitazama sana, akaacha kucheka, akanisukuma nikacheze nje. Kule kuacha kucheka nako nikakujumlisha.

Siku chache baadaye ndipo niliposikia lililonimaliza. Ilikuwa baada ya laasiri. Shehe wa msikiti wetu alikuja akaketi barazani na Baba na Bibi, nami nikatumwa kupeleka kahawa. Mtoto anayepeleka kahawa haonekani, hasa akijua kupanga vikombe polepole. Nikamsikia Shehe akisema kwamba ikiwa Mama anatoa kwa hiari yake, na madaktari wamemwambia hatodhurika, basi kumpa ndugu yake figo ili aishi ni kheri kubwa. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza, "Na mtu akishatolewa figo, Shehe, anabaki mzima?"

Shehe akasema inshaallah. Nyumbani kwetu inshaallah ndilo neno Baba alilonijibu nilipomwomba baiskeli.

Jamani, figo mie naijua. Kila Idi ya kuchinja, Baba alipomaliza kumchuna mbuzi, kitu cha kwanza alichotupa sisi watoto kilikuwa figo, kwa sababu inaiva haraka na inatuziba midomo. Tulizichoma kwenye kijiti nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekula figo za mbuzi wengi, na sijapata kuona hata mmoja aliyetoa figo akasimama, akajikung'uta, akaenda zake.

Nilimwendea Mwalimu Neema. Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa bara, Mkristo, amepanga nyumba iliyopakana na yetu na kila Jumapili alitoka kapiga pasi mpaka kola kwenda kanisani. Nilimwamini kwa sababu moja, hakuwa jamaa yetu, kwa hiyo hakuwa na haja ya kunificha. Nikamuuliza kwenye ukuta uliotutenga kama mtu akitolewa figo anaishi. Akanieleza vizuri kabisa, kwamba binadamu ana figo mbili, na moja inamtosha, wala nisiogope. Ningelimwamini angeliishia hapo. Lakini akaniuliza ni nani huyo anayetolewa. Nikasema mbuzi. Macho yakamlowa, akaingia ndani akanitolea andazi. Basi nikajua. Mtu mzima hakupi andazi bure saa kumi alasiri akiwa na machozi, ila pana msiba.

Hapo nikaacha habari za Maskati. Mize alikuwa amekosea. Mama alikuwa haendi kukaa, alikuwa anakwenda kufa, na nyumba nzima inajua, na wamemnunulia begi dogo kwa sababu maiti habebi mzigo.

Wiki ya mwisho Mama akaanza kuzunguka mtaani kuomba radhi. Hii ni desturi yetu, kila mtu aijua: mwenye safari ndefu hupita kwa jamaa na majirani, akataka awiwe radhi kwa aliyowakosea, kwa sababu safari ina mambo na hujui kama mtaonana. Alinichukua nikifuatana naye. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, hata kwa yule mama waliyegombana naye kwa ajili ya kuku. Kila mahali maneno yalikuwa yaleyale. Mama anasema nna safari, niwieni radhi. Mwenye nyumba anasema tumekuwia radhi, nawe utuwie. Wengine walimshika mikono wasimwachie. Mie nilisimama pembeni nahesabu nyumba kwa vidole, na kila kidole kilichokunjwa nilitamani kukikunjua.

Kwa sababu radhi nayo niliijua. Mwaka uliotangulia Babu, baba yake Mama, aliugua kwao Msuka, tukaenda kumtazama. Alikuwa amekata maneno, hali, hanywi, pumzi ndiyo tu inakwenda na kurudi, siku ya tatu hiyo. Wazee walisema roho yake imeshikwa. Alikuwa na mdogo wake, Mzee Faki, ambaye hawakusemezana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa mikarafuu. Akatumiwa mtu. Mzee Faki alikuja amevaa kanzu ya kazi, hata kujibadili hakujibadili, akapiga magoti karibu na kitanda akasema kwa sauti kubwa, "Kaka, nimekuwia radhi, nawe niwie." Mie nilikuwa mlangoni, chini ya mikono ya watu. Nilimwona Babu anavuta pumzi moja ndefu. Hakuvuta nyengine.

Wakubwa walilia na kushukuru, wakasema kaondoka vizuri. Mie nilichokiona ni kimoja tu. Mtu alikuwa hai siku tatu kwa sababu mtu mmoja kamnyima radhi, na alipopewa akafa papo hapo. Kwa akili yangu ya miaka tisa, radhi ilikuwa ni kamba. Kila mtu ameshika yake, na wote wakishaachia, mtu anakwenda.

Na sasa Mama anapita nyumba kwa nyumba anawaachisha kamba. Jirani huyu kaachia, yule kaachia, wa kuku naye kaachia upesi upesi. Bibi akaachia kwa machozi, juu ya mkeka, wamekumbatiana. Baba sikumwona akiachia, lakini asubuhi moja alitoka chumbani macho mekundu, nikamhesabu. Nikajua watu wazima wote wa nyumba hii hawana akili, na kamba iliyobaki ni moja.

Asubuhi ya safari gari ilikuja mapema kumpeleka uwanja wa ndege wa mjini Chake. Begi la buluu lilikuwa mlangoni, limefungwa. Majirani wamejaa barazani, ubani umewashwa, Shehe ameshasoma dua. Mjomba Hamadi alikuwa anawasubiri Unguja. Mama alimuaga kila mtu, akaja kwangu mwisho. Nilikuwa nimejibanza pembeni mwa pipa la maji. Akachuchumaa mbele yangu, buibui likatandaa chini.

"Na weye, mwanangu, niwie radhi," akasema. "Nimekufokea, na siku nyengine nimekupiga bila haki. Nipe radhi yako niende nayo."

Mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo la kila siku kwetu. Radhi mtoto ndiye anayeihitaji. Watu barazani wakawa wanajifuta macho, wananingoja niseme neno moja dogo.

"Sikupi," nikasema.

Baba aliniita kwa jina langu lote, langu na lake na la baba yake, na hiyo ilikuwa dalili ya kiboko. Bibi akashangaa nimesema nini, "Astaghfirullah, ntoto huyu wamba nini?" Mama akawanyamazisha kwa mkono. Akaniuliza kwa upole, kwa nini simpi. Sikumwambia. Nilijua wakubwa wana hila, nikiwaeleza nimeshika nini watanibembeleza mpaka nikiachie. Nikasema, "Sikupi tu." Midomo ilikuwa inanitetemeka, na nadhani ilionekana kama ghadhabu.

Mama alisimama. Alivaa lile begi juu ya buibui, mkanda mmoja kisha wa pili, akajiweka sawa. Baba alikuwa amenishika mkono kwa nguvu. "Mwache," Mama akamwambia. "Radhi haipokonywi." Akapanda gari, na sikumwona akigeuka nyuma.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimepata taabu zangu, lakini sijui kama nimepata kuchukiwa na watu wengi kwa pamoja namna ile. Mtaa mzima ulikuwa na habari. Mtoto kamnyima mama yake radhi, mama anakwenda kupasuliwa. Wanawake waliponiona kisimani walinipa mgongo. Chuoni mwalimu alitusomesha wiki nzima habari ya haki za mzazi bila kunitazama, na watoto wote wananitazama. Hata Mize alinihama dawati siku mbili. Na mie nilikuwa mkali zaidi. Nilikuwa naogopa radhi isinitoke kwa bahati mbaya. Mtu akinikanyaga akasema samahani, simjibu. Nilifunga mdomo nikilala.

Mama alipiga simu akiwa huko, Baba akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alisema wamefika, chakula kina pilipili, daktari kala haluwa. Akaniulizia. Nikakimbilia chooni nikafunga komeo. Alipiga mara ya pili, kabla ya siku ya upasuaji, na safari hii Bibi alinishika sikio akaniwekea simu. Nilisikia pumzi ya Mama tu kwanza. Kisha akasema kesho anaingia, na anaogopa. Nilikuwa sijapata kumsikia Mama akisema anaogopa. "Kila mtu kanipa, mwanangu," akasema. "Naingia na deni lako tu shingoni."

Wallahi nusura niseme. Lakini ndilo hasa nililotaka kulisikia, kwamba langu bado liko shingoni mwake, limemshika. Nikabana meno. Bibi akanipokonya simu, na jioni hiyo hakunipakulia chakula, nikapakuliwa na Baba.

Upasuaji ulikwisha salama, ndivyo walivyotuambia. Sikuamini. Mwezi ukatimia Mama hakuja. Wakasema kidonda kimechelewa, daktari hajamruhusu. Mize, aliyekuwa amerudi dawati letu, akasema hata kwao ilianza hivyohivyo, kwanza mtu kachelewa. Nikawa nalitazama lile gauni la kijani kila siku nikirudi, kuhakikisha kuwa lipo. Siku zikawa arubaini, zikapita arubaini. Nilihesabu mpaka arubaini na tatu.

Siku ya arubaini na tatu nilitoka skuli nikakuta viatu vingi mlangoni. Viatu vingi mlangoni ni arusi au ni msiba, na hapakuwa na ngoma. Sikuingia. Nilizunguka nyuma nikajibanza nyuma ya pipa nikaziba masikio. Ni Bibi aliyenifuata, akanivuta mkono, akanipitisha katikati ya wanawake waliokaa mpaka chumbani.

Mama alikuwa ameketi juu ya godoro, mto umewekwa ubavuni. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, amevaa dira moja katika yale matatu. Alikuwa hai. Nilitaka kumrukia kama nilivyolirukia begi, lakini miguu ilikataa, kwa sababu ile hesabu yangu ilinijia upya yote. Amerudi kuchukua. Wote wamempa, ni mie tu niliyebaki, na akishaichukua hii nitamwona akivuta pumzi moja ndefu.

Akanyoosha mkono. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga mlango.

"Bado una hasira na mie?" akaniuliza.

Hasira. Siku arubaini na tatu nimevutwa sikio, nimenyimwa chakula na Bibi, nimetengwa na mtaa mzima, nimeshika kamba mpaka mikono imeniuma, na yeye anaiita hasira. Nililia kilio ambacho nadhani kilisikika mpaka msikitini. Nikasema yote palepale mbele ya wanawake, yakitoka kombokombo: Babu, na Mzee Faki, na ile pumzi, na mbuzi, na andazi la Mwalimu Neema. "Ukipewa na wote unakufa," nikamwambia. "Nimeiweka yangu usife."

Yule mama wa kuku akaufunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. Bibi ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, akijaribu kunieleza kwamba si hivyo, mjukuu wangu, radhi haiui mtu, babu yako siku yake ilikuwa imefika. Mama akamshika Bibi goti kumnyamazisha. Alikuwa analia na anashikilia ubavu wake kwa sababu kulia kulimuuma. Akaniita kwa mkono mpaka nikafika, akanilaza upande usio na kidonda.

"Basi usinipe," akanambia sikioni. "Shika hapohapo."

Mjomba Hamadi alirudi baada ya miezi kadhaa na bado anauza samaki, ingawa sasa anakaa kwenye kiti na kuwapigia watu simu. Mie nimekua, nimesoma, nimewauliza mashehe wawili watatu, na najua radhi ni nini na kifo hakina kamba. Mama amekuwa mtu mzima. Kila Ramadhani inapokaribia hutuita wanawe na wajukuu sote, na kama ilivyo desturi hupita kwa mmoja mmoja, anashika mkono, anaomba awiwe radhi, mpaka kwa vitoto vinavyotambaa. Akifika kwangu huniuliza kama maji ya kunywa yamechemshwa, kisha akapita kwa mwengine. Hajaniomba tena, na mpaka leo sijampa.